Rafu ya Babu: Hadithi, Kemia na simu iliyofungiwa kabatini

Maswali ya wasomaji kuhusu vitabu na usomaji. Anajibu mkutubi mstaafu, Muheza.

SWALI

Babu, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, Kihonda, Morogoro. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Muhula uliopita Kemia kapata 28, Fizikia 31, Kiswahili 84. Nilipofuatilia nikagundua usiku hasomi, yuko kwenye simu ya mama yake na zile simulizi za sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, mpaka sehemu ya sitini. Simu nimeichukua, nimeifungia kabatini pamoja na vitambaa vya wateja. Akaniambia, "Baba, wanasayansi wa Marekani wamethibitisha kwamba kusoma hadithi kunaongeza akili." Kwenye kikao cha wazazi mwalimu wa Kiswahili alisema hivyohivyo, ila wa Kemia akacheka. Mimi niliishia darasa la saba. Ni kweli hayo, au mtoto ananiingiza mjini?

Baba wa mabinti wawili, Kihonda

JIBU

Marahaba, fundi. Pole na hiyo 28. Binti hajakudanganya, ila amekusimulia nusu. Amekupa habari ya mwaka 2013 akaacha ya 2016 na ya 2018. Labda bando lilikata hapo.

Ile ya 2013 ilikuwa hivi. Mwezi Oktoba jarida la Science la Marekani lilichapisha kazi ya watafiti wawili wa The New School, New York, David Comer Kidd na Emanuele Castano. Waliwapa watu vipande vifupi vya kusoma. Kundi moja lilipata hadithi nzito, zile zinazopewa tuzo na kusifiwa na wahakiki. Jingine likapata hadithi pendwa, jingine habari za kweli, na wengine hawakupewa kitu. Walipomaliza walipimwa papo hapo, na waliosoma hadithi nzito wakawapita wenzao, japo si kwa mbali. Magazeti yakaidaka habari, ikasafiri, ikanenepa njiani, na ilipofika kwenye simu ya mkeo ilikuwa imeshakuwa "hadithi zinaongeza akili."

Sasa uliza walipimwa nini. Hawakupimwa Kemia wala hesabu. Walipimwa uwezo wa kumtazama mtu ukajua ana nini moyoni. Kipimo chenyewe kilitengenezwa Cambridge, Uingereza, na Simon Baron-Cohen na wenzake: picha 36 za macho matupu, ukanda mwembamba wa nyusi na macho, mdomo huuoni, mashavu huyaoni. Kila picha ina maneno manne, nawe unachagua neno linalomfaa mwenye macho hayo.

Mwaka 2016 watafiti wengine walirudia jaribio hilo kwa watu wapatao 800, wakatoka mikono mitupu. Mwaka 2018 kundi jingine likachukua majaribio 21 ya sayansi ya jamii yaliyochapishwa na Science na Nature, majarida yanayoogopwa kuliko yote, likayarudia moja moja na watu wengi zaidi. Yaliyosimama ni 13. Lile la hadithi na macho lilikuwa kati ya yaliyoanguka. Mwaka huohuo David Dodell-Feder na Diana Tamir wakakusanya majaribio 14 ya aina hiyo, wakayajumlisha, wakaona faida ipo lakini ni ndogo sana. Kwa kipimo cha duka lako, ni kama umempa mteja nusu sentimita zaidi kwenye upindo wa suruali. Wewe unajua ipo. Yeye haioni.

Najua mwalimu wa Kemia ameshaanza kucheka tena. Mwambie asubiri kidogo.

Niliposoma habari za yale macho nilikuwa bado kazini. Jumamosi asubuhi maktaba yetu ilijaa watoto, wengi wamefuata feni. Nikachukua magazeti ya zamani yaliyokuwa yanangoja kuuzwa kwa wafunga maandazi, nikakata picha za watu, nikabakiza macho tu, nikayabandika kwenye vipande vya boksi. Nyuma ya kila kipande nikaandika picha ilikuwa ya nani na alikuwa anafanya nini. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Picha ya kwanza: "Amekasirika." Ya pili: "Ana huzuni." Ya tatu: "Amekasirika." Ya nne: "Ana huzuni." Nikaona mchezo unanifia mikononi. Watoto walikuwa na maneno mawili, basi na binadamu wote wakawa wa aina mbili.

Ya tano ilikuwa ya mwanamke kwenye sherehe. Kulikuwa na msichana wa kidato cha kwanza, mwembamba, kazi yake kuazima riwaya mbili Jumamosi na kuzirudisha Jumatano. Akasema taratibu, "Huyu ametahayari." Wenzake wakamgeukia. Kutahayari ndiyo nini? Akawaeleza: hujakasirika, huna huzuni, ila limekupata jambo la aibu mbele za watu na unatabasamu ili lipite. Nikamuuliza neno kalitoa wapi. Kwenye kitabu, akasema, pale bibi harusi anapofunguliwa sanduku mbele ya mawifi na nguo zilizomo ni za kuazima. Kilichofuata sijakisahau. Niliirudisha picha ya pili, ile ya "ana huzuni," na watoto watatu wakapiga kelele kwa pamoja, "Na huyu naye ametahayari!" Picha ilikuwa ileile na macho yaleyale. Kilichoongezeka chumbani ni neno moja.

Ningeishia hapo ningekuwa mhubiri mzuri wa vitabu. Lakini mshindi wa siku ile hakuwa yeye. Alikuwa mtoto wa muuza samaki, darasa la sita, ambaye kadi yake ya maktaba sikuwahi kuigonga muhuri hata mara moja. Picha ya mwisho sote tulisema mtu amechoka. Yeye akasema, "Hajachoka. Anajifanya hataki ili ashushiwe bei." Nikageuza boksi nikasoma nilichoandika: mnunuzi, mnada wa ng'ombe.

Kwa hiyo, fundi, kusoma macho ya watu kunafundishwa sehemu nyingi. Kunafundishwa sokoni. Kunafundishwa hata hapo kwako: mteja anasimama mbele ya kioo, anasema gauni zuri, nawe unajua kabisa kwamba halijampendeza na kesho atarudi nalo. Hukusoma hayo kwenye riwaya. Kitabu kinachokupa, ambacho soko halikupi kwa urahisi, ni maneno. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens walihesabu maneno ya Kiingereza yasiyo ya kila siku. Ndani ya kila maneno 1,000, vitabu vya watoto vilikuwa nayo karibu 31. Mazungumzo ya watu wazima wenye shahada, wakiongea na rafiki au mwenzi, yalikuwa nayo 17. Yaani kitabu cha mtoto kinamshinda msomi aliyekaa barazani. Nawe jisikilize siku nzima dukani: pima, kata, punguza, ongeza, Ijumaa, bado kidogo, rudi kesho. Hasa rudi kesho.

Na tunapogombania neno akili tujue tunagombania nini. (Kuna mtu ataniandikia kwamba akili ni nywele, mimi nina kipara, tuliache.) Mtoto akiwa wa kwanza darasani tunasema ana akili. Mfanyabiashara akikwepa hasara, ana akili. Mkwe akijua wakati wa kunyamaza, ana akili huyo binti. Ni vitu vitatu tumevivika kanzu moja. Mwalimu wa Kiswahili anasifia kimoja, mwalimu wa Kemia anacheka kingine, nawe umekaa kwenye benchi katikati yao unadhani wanabishana.

Ile ya darasani ina ushahidi unaomfaa binti yako, ingawa haukuhusu hadithi peke yake. Ulitoka Uingereza mwaka 2015, wa Stuart Ritchie, Timothy Bates na Robert Plomin. Walifuatilia jozi 1,890 za mapacha wa kufanana tangu wakiwa na miaka 7 hadi 16. Napenda ujanja wake. Mapacha wa kufanana wamezaliwa na vinasaba vilevile, wamelelewa nyumba moja, wali mmoja, viboko vilevile. Kwa hiyo mmoja akimpita mwenzake kusoma, huwezi kusema ni damu au ni utajiri wa baba. Wakaona yule aliyetangulia kujua kusoma vizuri ndiye baadaye aliyeelekea kufanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili, hata vile visivyo na maneno, vya maumbo na michoro. Ni kusoma kwa jumla, si riwaya. Lakini niambie wewe mtoto gani wa miaka minane anajizoeza kusoma kwa saa nzima bila kulazimishwa kwa kutumia kitabu cha Maarifa ya Jamii. Mtoto husoma sana pale anapotaka kujua sungura aliponea wapi.

Basi mbona Kemia ni 28? Hapa nina jambo la kukuambia ambalo kwenye kikao cha wazazi huenda halikusemwa. Kemia ya sekondari inafundishwa kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza. Simulizi za binti ni za Kiswahili. Maneno aliyovuna usiku yamelipa pale yalipotumika: 84. Kwenye chumba cha mtihani wa Kemia anakutana na neno moja la Kiingereza, "solution", ambalo kwenye Hisabati ni jibu la swali na kwenye Kemia ni maji yaliyoyeyushiwa chumvi, naye hajui limekuja kwa sura ipi. Nimewaona wengi wa namna hiyo wakiletwa maktaba na wazazi, wanaambiwa wajinga wa sayansi, na ukiwauliza kwa Kiswahili kwa nini chumvi haionekani kwenye maji wanakueleza vizuri mpaka unasikia kiu. Usimpunguzie hadithi. Mwongezee nyingine, fupi, za Kiingereza chepesi, hata kama zimeandikwa kwa watoto wadogo na atanuna. Maktaba ya mkoa ipo hapo mjini kwenu. Aanze na kitabu ambacho kwenye ukurasa mmoja yanamshinda maneno matatu au manne; yakifika kumi atakiacha.

Nilikwambia pia kwamba kuna akili ya kukwepa hasara. Hiyo nina kesi yake nyumbani, na mke wangu hapendi niisimulie.

Riwaya za upelelezi nimesoma zote zilizopita mikononi mwangu, na zilipita nyingi. Nilikuwa namjua muuaji kabla ya ukurasa wa mia. (Tulikuwa na msomaji mmoja akiazima riwaya za upelelezi anaandika jina la muuaji kwa penseli ukurasa wa tano. Nilimwinda miaka mitatu na sikumkamata. Upime upelelezi wangu hapo.) Nilipokaribia kustaafu nikatafuta kiwanja. Akaja dalali mmoja, kijana mchangamfu, mwezi wa nne, masika yamekolea, mvua ilikuwa siku ya nne haijakatika. Akaketi sebuleni akasema ametoka kiwanjani sasa hivi, amewaacha watu wawili wanakigombania, nimpe cha kushikia kabla hawajamwahi. Nikampa laki nne. Alipotoka mke wangu akauliza, "Huyu katoka shambani kwa barabara gani?" Nikamwuliza kwa nini. "Viatu vyake vinang'aa." Nikatazama sakafu: safi, hata alama moja ya tope hakuna. Mke wangu riwaya humlaza usingizi ukurasa wa pili. Aliviona viatu kwa sababu ndiye anayepiga deki; alikuwa ameshajiandaa kukasirika. Kiwanja, kama ulivyokwisha kubaini, kilikuwa na wenyewe, na kaburi la babu yao.

Nimelifikiria sana tope lile. Kwenye riwaya lingekuwepo sentensi nzima ya viatu, mwandishi angeviweka mbele yangu na kuvimulika tochi, nami ningejiona mjanja kwa kuviona. Kumbe kazi ya kuchagua cha kutazama ilishafanywa na mtu mwingine kabla kitabu hakijafika rafuni. Sebuleni kwangu hakuna aliyenichagulia. Kwa hiyo binti akikuambia riwaya zitamfanya asitapeliwe, mpe salamu zangu.

Sasa simulizi zenyewe. Kwenye ujumbe wako wa pili ulinitajia jina la hiyo anayoifuata, sitalitaja hapa. Nimesoma sehemu 19 za bure. Katika sehemu tano za mwanzo watu "walishtuka" mara kumi na saba, na mmoja alishtuka akiwa amelala. Kila sehemu inakatika mlango unapogongwa. Mwandishi anatuambia kila mtu anawaza nini, mpaka mbwa, hivyo msomaji hana cha kukisia. Kama kuna zoezi la kuusoma moyo wa mtu ndani ya hadithi, liko pale mwandishi anaponyamaza, na huyu hanyamazi. Isipokuwa mara moja. Sehemu ya 12 mama anaokota risiti ya duka la dhahabu kwenye suruali ya mumewe, anaisoma, anaikunja mara nne, anairudisha mfukoni, anaendelea kuloweka nguo. Basi. Hasemi neno mpaka sehemu ya 19. Nilikaa na simu mkononi kama dakika tano sijui anapanga nini. Anayeweza kuandika hivyo mara moja ataweza mara ya pili, na sitamcheka tena.

Ushauri wangu ni huu. Simu itoe kabatini, lakini iwe na saa zake, na saa nne usiku irudi kwa mama. Tatizo la mtoto aliyelala saa nane usiku si hadithi, ni usingizi. Angekuwa anasoma Kemia mpaka saa nane angepata 28 vilevile. Halafu, jioni moja au mbili kwa wiki, aje dukani akusomee kwa sauti. Mikono yako iko kwenye mashine, masikio hayana kazi. Ukifika pale pa risiti mwulize: mama kajua tangu lini? Kwa nini kaikunja mara nne? Atakujibu, nawe utambishia, kwa sababu wewe suruali za waume za watu unazikagua mifuko kila siku kabla ya kuzipunguza kiuno na una unayoyajua. Mabishano hayo ndiyo niliyoyaona maktaba yakimjenga mtoto kuliko idadi ya vitabu kwenye kadi yake.

Sehemu ya 20 na kuendelea zinauzwa shilingi 1,000. Nimelipia. Usimwambie binti kinachotokea.

SWALI

Babu, habari za huko. Mimi ni dereva wa lori, Makambako na Dar, Dar na Makambako. Kitabu nikifungua nalala. Ila kwenye flashi nina hadithi za kusikiliza, kuanzia Mikumi mpaka Chalinze nimemaliza moja. Utingo wangu ana kidato cha nne, anasema kusikiliza si kusoma, eti nabaki vilevile. Tuamulie, tumewekeana soda.

Dereva, Makambako

JIBU

Utingo ana nusu soda. Ujuzi wa kusoma maandishi haupatikani masikioni. Mtoto anayesikiliza tu hatajua kuunganisha herufi. Lakini wewe unajua kusoma, usingizi tu ndio adui. Kwa mtu kama wewe, Beth Rogowsky na wenzake Marekani walijaribu mwaka 2016: wengine wakasoma sehemu za kitabu, wengine wakasikiliza zilezile, wengine wakafanya vyote viwili kwa pamoja. Wote walielewa karibu sawa. Kitabu kilikuwa cha habari za kweli, lakini masikio ni yaleyale.

Ila mimi ningemjibu utingo wako kwa mfano wa hapahapa kwetu, na ni wa dereva mwenzio. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Wa umri wangu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu nyumbani. Ulikuwa mchezo wa kubuni, uliotungwa kwa makusudi ya kuzungumzia UKIMWI na uzazi wa mpango. Kilichoufanya uwe maarufu kwa watafiti ni Dodoma. Mpaka mwaka 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha, kikaweka vipindi vyake, kwa hiyo nchi ikagawanyika: huku wanausikia, kule hawausikii. Peter Vaughan, Everett Rogers na wenzao wakapita wakiuliza watu pande zote mbili. Kule uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi, na watu wengi zaidi walisema wamepunguza wapenzi au wameanza kutumia kondomu. Dodoma ilipoanza kuupata, nayo ikaanza kusogea.

Waliosikiliza hawakuongezeka akili hata chembe, nadhani. Walikuwa wameshaambiwa kila kitu na mabango ya zahanati. Mimi nilikuwa napanga chumba, nyumba ya vyumba sita na redio moja, ya mama mwenye nyumba. Jioni ya mchezo majiko yote ya mkaa yalisogezwa uani karibu na dirisha lake. Kulikuwa na jirani yetu mmoja, mume wake alikuwa anasafiri sana. Siku Mkwaju alipoanza kukohoa, yule mama aliacha kukuna nazi. Mbuzi ya kukunia ameikalia, kifuu mkononi, hakuni. Mchezo ulipoisha alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Akirudi safari hii twende tukapime wote." Sote tulikuwa uani na hakuna aliyejifanya hakusikia. Bango la zahanati lilikuwa ukutani kwa balozi, hatua ishirini, na lilikuwa pale mwaka wa pili.

Endelea na flashi yako. Sauti usiifungulie mpaka ukashindwa kusikia honi ya nyuma, na kwenye kona za Kitonga izime kabisa. Soda mgawane.

SWALI

Shikamoo Babu. Niko mwaka wa kwanza chuoni, Dodoma. Nataka nijiwekee malengo. Nisome riwaya ngapi kwa mwaka ili niwe na akili nyingi?

JIBU

Marahaba. Soma hamsini. Ukizimaliza nitafute, nina kiwanja nataka kukuuzia.